Nakala ya Kona ya Cherehani

Shemeji alikuwa amepiga magoti nyuma ya kabati, anachomoa na kuchomeka waya wa ruta.

"Mtandao unasumbua tu," alisema. "Jaribu tena."

Nikabofya tena. Ukurasa haupatikani. Hapo ndipo niliposhtuka. Nakala ile ya tovuti ya marehemu dada tuliihifadhi ili tusiuhitaji mtandao. Sasa ruta ilikuwa na kazi gani?

Dada yangu alikuwa fundi cherehani mwenye mdomo. Tovuti yake, Kona ya Cherehani, ilianza na mafunzo ya kukata kola, ikaishia kuwa kijiwe chake cha kumsema kila mtu: wateja wanaodai gauni limewanenepesha, mume anayekoroma, mimi na mishono yangu iliyopinda. Alipofariki tukawa tunaingia humo kumsikia. Kisha kampuni iliyoitunza ikatangaza kwamba inafunga, kila mtu achukue chake.

Shemeji hakutaka msaada wa mtu. Alitafuta programu ya kupakua tovuti nzima, akaiacha ivute huku kaikodolea macho kama mtu anayechunga maziwa jikoni. Ilipomaliza tukaifungua nakala, tukabofya hapa na pale, na kila kitu kikafunguka. Tulicheka, tukalia, tukacheka tena.

"Wafunge tu," alisema. "Huyu sasa tunaye nyumbani."

Hakuna aliyefikiria kuuzima mtandao kwanza. Programu ilikuwa imechukua ukurasa wa mbele peke yake. Kila tulipobofya, ilitupeleka kulekule kwenye tovuti yenyewe, ambayo siku hiyo ilikuwa bado hai.

Niliipigia kampuni, simu ikaita mpaka ikachoka. Nikaandika barua pepe, ikarudi. Nilijaa hasira na sikuwa na wa kummwagia. Ningemwambia nini mwanamume aliyekaa sakafuni, waya mkononi?

"Si ulikuwepo?" aliniuliza. "Si uliona inafunguka?"

"Nilikuwepo, shemeji. Niliona."

Binti yao alikuwa bado mbele ya kompyuta. Mama yake alimwacha mdogo mno. Sasa alikuwa ndiyo kwanza amejua kusoma, na ni kwa ajili yake tulikuwa tumeifungua tena nakala. Kwenye ukurasa wa mbele dada alikuwa anacheka, futi kamba shingoni, na chini yake vichwa vya habari vyote vimejipanga. Mtoto akaweka kidole kwenye kimoja na kukisoma taratibu: Mteja Aliyetaka Mifuko Mgongoni.

"Mama mdogo, hapa aliandika nini?"

Nilikuwa nimekisoma kisa hicho sijui mara ngapi. Nikamsimulia juu ya yule mteja, ile mifuko, na jinsi dada alivyomjibu. Nikajitahidi hata kuiga sauti. Baba yake aliinua uso asikilize. Mtoto alinivumilia mpaka mwisho, kwa adabu.

"Hayo ni maneno yako," alisema. "Mimi nataka ya mama."