Kilima Kilichohamia Bondeni

Mtaa wetu unaitwa Kilimani, na ukiweka gololi katikati ya barabara asubuhi, jioni utaikuta palepale. Hakuna kilima. Hakuna hata kichuguu, ukiondoa yale matuta ya kupunguza mwendo wa magari. Wateja wangu wa kushonesha nguo wakija mara ya kwanza hunipigia simu wamesimama mbele ya duka langu: "Dada, tupandie wapi?" Nami nawajibu kwa hasira, kwa sababu hata mimi sijui.

Upande wa pili wa barabara kuu kuna Bondeni, nako ni tambarare kama meza yangu ya kukatia vitambaa. Nimeuliza mpaka nimechoka. Kinyozi jirani yangu anasema majina ya namna hiyo ndiyo yanayouza nyumba. Nani atalipia chumba mtaa unaoitwa Vumbini? Mwalimu mstaafu anayeniletea suruali zake anasema watu wakishamaliza kukata na kuchimba, huingiwa na hamu ya kile walichokiondoa, wakajiliwaza kwa jina. Mimi naona wote wanabahatisha.

Ningeyaacha majina hayo yaende zake, kama yasingekuwa yanampoteza baba yangu.

Baba alikuwa dereva wa malori ya udongo, na mpaka leo watu wanamwita Mzee Lori. Tangu mama afariki, anatoka nyumbani kimyakimya, na kila anapotoka anaonekana Bondeni. Nilimshonea namba yangu ya simu ndani ya ukosi wa kila shati. Wapita njia wananipigia: "Mama, mzee wako yuko huku. Tukimuuliza anakwenda wapi, anasema ameshafika. Tukimwambia hapa ni Bondeni, anasema hapa ndio kilima." Basi naacha cherehani, namfuata kwa bajaji, narudi naye huku nafoka njia nzima. Yeye anatazama nje.

Kaka yangu anaishi mji wa mbali. Yeye ndiye kifungua mimba wa nyumba yetu, na hatuachi tusahau. "Mzee akili imeruka," alisema. "Akipotea tena, nakuja kumchukua. Kwangu kuna ukuta, kuna geti, kuna mlinzi."

Jamani! Baba yangu, aliyezunguka na lori maisha yake yote, akafungiwe getini kama mbuzi? Nililia usiku ule. Nikaapa hatapotea tena, nikaficha viatu vyake vyote juu ya kabati.

Akaondoka na ndala zangu za bafuni, zile za pinki.

Nilikuwa napinda sketi simu ilipolia. Sauti ya mama mmoja: "Mimi nauza mkaa huku Bondeni, karibu na kalvati, pale maji yanapopita chini ya barabara. Mzee wako yuko kwangu." Hata sijafunga mlango, simu ikalia tena. Kaka. "Mpe baba nimsalimie." Ningemdanganya, lakini mdomo wangu haujui kusubiri. Nikamwambia yuko Bondeni.

"Basi," akasema. "Kesho alfajiri nawasha gari. Ukimpata nijulishe."

Nilimkuta baba amekaa juu ya gunia tupu, pembeni mwa banda la mkaa, ndala za pinki miguuni, mikono mapajani. Nikamwaga yote. Baba, unataka nini lakini? Unataka wakakufungie? Mimi nitaacha kazi mara ngapi? Kwa nini Bondeni, kwa nini kila siku Bondeni?

"Punguza sauti," akasema. Alisema taratibu, kama mtu aliye kwenye chumba ambamo mtoto amelala.

Nikamgeukia mama muuza mkaa anisaidie. "Kwani hujui?" akaniuliza. "Huyu huwa anakuja kukaa tu. Hanisumbui. Ila kona ile haniruhusu nimwage mkaa, nami nimemwachia. Leo nimekupigia kwa sababu ya hizo ndala. Nikajua nyumbani hakuna amani."

"Kilima kiko hapa," baba akasema. "Nilikileta mimi."

Nikasema kimoyomoyo, kaka amesema kweli, baba ndio huyo anakwenda.

"Kaa chini," akaniambia. Nikakaa. "Kampuni ilitaka kule pawe sawa ijenge nyumba. Huku kulikuwa na bonde la maji tupu. Tukakata kilima, tukajaza bonde. Lori langu likaenda likarudi mpaka vyote viwili vikaisha. Bosi akaandikisha mabango: Kilimani, Bondeni. Nikamuuliza, bosi, mbona havipo? Akacheka. Akasema watu walishazoea kuelekezana hivyo. Jina tu ndilo hatukulipakia kwenye lori."

"Sawa, baba. Lakini udongo ni udongo. Unaufuata wa nini?"

Akanitazama sana. "Mama yako hakukwambia?"

"Aniambie nini?"

"Kabla ya kaka yako tulipata mtoto wa kike. Hakumaliza wiki. Tulimzika kulekule juu, nyuma ya kibanda chetu, mama yako akaweka jiwe. Tingatinga lilipokaribia pale, nikamwomba bosi anipe siku moja nimhamishe. Akaniuliza, jina la marehemu nani? Nikasema hatukuwahi kumpa. Akasema, basi hapo hakuna kaburi. Pakia."

Mama muuza mkaa akaacha kufunga gunia alilokuwa nalo.

"Ningegoma, angepakia dereva mwingine, nisingejua amemwaga wapi. Nikapakia mwenyewe. Nikaendesha polepole, wenzangu wananipigia honi nyuma. Nikamwaga hapa, ubavuni mwa kalvati, ili nisipapoteze. Mimi na mama yako tulikuwa tunakuja wote. Nyie mlikuwa mnaambiwa tumekwenda sokoni."

Nilikumbuka wakirudi sokoni na kapu tupu, nasi tukimcheka mama kwa ubahili. Nikatazama ule udongo uliopakana na weusi wa mkaa, nikawa sijui nimekaa juu au chini, wala niseme pole kwa nani. Yule mtoto angekuwa na mvi sasa. Angekuwa ananifokea mimi.

Simu ikalia.

"Umempata?" kaka akauliza.

"Nimempata."

"Bondeni tena?"

Nikamtazama baba. "Kilimani," nikasema.

"Ah, karudi nyumbani mwenyewe?"

"Hapana. Hatuko nyumbani. Tuko Kilimani."

"Wewe mdogo wangu, mbona sikuelewi? Uko wapi hasa? Uko na nani hapo?"

"Niko na baba," nikasema. "Na kifungua mimba."

Nilisikia redio yake, kisha nikasikia ameizima.

"Kifungua mimba si mimi?"

Baba alikuwa amevua ndala, ameziweka pembeni, miguu yake iko kwenye udongo. Sikujua nimweleze kaka nianzie wapi, na mwenyewe bado nilikuwa sijaelewa nusu yake.

"Kesho njoo tu kama ulivyosema," nikamwambia. "Ila huko njiani, tafadhali, fikiria jina zuri la kike."