Diski ya Nne Iko Shambani

Mwaka 1993 wakubwa walipouza mizani, meza na taipureta za chama chetu cha ushirika cha zamani, hakuna aliyetuuliza. Tulikuta ghala tupu na kufuli jipya. Mimi Felista nilikuwa karani pale, na jina la kila aliyetia sahihi ninalo mpaka leo.

Kwa hiyo Mei 2004, wilayani waliposema kikundi chetu cha wakulima kitapewa ghala lilelile kikisajiliwa, la sivyo mnunuzi binafsi analichukua Jumatatu, sikulala. Walitaka orodha ya wanachama iliyochapwa, nakala tatu, Ijumaa kabla ya saa tisa na nusu. Majina mia mbili na kumi na mawili ya watu wa Bujonde na Ngana yalikuwa ndani ya kompyuta yetu ya mtumba, mjini Kyela. Printa tulikuwa nayo. Programu ya kuiendesha ndiyo hatukuwa nayo.

Asubuhi hiyo ya Ijumaa akaingia jirani yetu Dulla, mwenye duka, na diski mkononi.

"Mama, weka hii. Unabonyeza, unabonyeza, kwisha."

"Umeitoa wapi?"

"Kwa mtu wa Mbeya. Mama nawe, unahoji kama polisi!"

"Na kompyuta yako mbona imekufa tangu Jumatatu?"

Akacheka huku akijikuna shingo.

Yetu ilitumia Debian, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta, uliokuwa kwenye diski saba alizotuachia mwalimu Wilbroad alipohamishwa. Nilijifunza peke yangu miaka miwili, kamusi mapajani. Kupakia programu kulikuwa na njia mbili. Moja ilikuwa orodha ndefu ya kuchagulia kimoja kimoja. Ile ilinitia wazimu. Ya pili ni apt. Unaiandikia jina la programu unayoitaka, nayo inatafuta nyingine zote ambazo hiyo haiwezi kufanya kazi bila hizo, inakupangia mbele yako, kisha inauliza: unakubali? Mwaka 1993 wakubwa hawakuniuliza. Mashine iliniuliza.

Nikaandika. Ikanijibu: hiyo moja, pamoja na nyingine sita. Nikakubali. Ikaichukua diski ya kwanza, ikaitaka ya pili, halafu ikasimama: weka diski ya nne.

Kwenye boksi diski ya nne haikuwemo.

"Ona sasa," Dulla akasema. "Yangu haina maswali."

Ndipo nikakumbuka, nikaona aibu. Aprili nilimpa mwenyekiti wetu Veronika fungu la diski mbovu atundike kwenye mpunga wake. Zinameremeta, ndege wanaogopa. Ya nne niliifungia humohumo, kwa mikono yangu.

Nilikanyaga baiskeli mpaka Bujonde. Veronika alikuwa anagonga debe na kuwatukana ndege.

"Yako ni ipi? Zote zinafanana!"

"Ina namba kwa wino."

"Wino! Na mvua hizi?"

Tukazigeuza moja moja, matope magotini, mpaka nikauona mwandiko wangu umebaki nusu. Veronika akamwachia wifi yake debe, akapanda nyuma ya baiskeli.

Saa saba tulikuwa mjini. Nikaiosha kwa sabuni, nikaifuta kwa khanga. Mashine ikanguruma, ikakataa: kifurushi kimoja cha programu hakikufika kizima.

"Ilazimishe," Dulla akasema.

"Hailazimishwi. Haiwezi kunipakia kitu kibovu halafu ikanyamaza. Ndiyo maana naitaka."

Akanitazama, akatoka. Akarudi na dawa ya meno kutoka dukani kwake, akaisugua mikwaruzo taratibu, kutoka katikati kwenda nje. Tukairudisha. Mara hii ikasoma mpaka mwisho. Printa ikakohoa, ikatoa jina la kwanza.

Saa tisa na dakika ishirini tulikuwa mbele ya ofisa. Akapekua karatasi, akatutazama miguu yenye matope.

"Nani kawachapia?"

"Sisi," Veronika akasema.

"Sisi nani?"

"Hao waliomo humo. Hesabu."

Mhuri ukagonga mara tatu. Jumatatu nililivunja lile kufuli mwenyewe, kwa nyundo, watu wamejaa uwanjani, na sikuona haya kulia.

Dulla alikuwepo. "Mama, nifundishe hiyo yenu inayouliza."

"Kwanza lete diski ya mtu wa Mbeya. Nina deni la diski moja kwa Veronika."

"Ndaga," Veronika akashukuru kwa Kinyakyusa akiipokea. Sasa inaning'inia katikati ya mpunga wake, na nasikia ndege wanaiogopa kuliko zote.