Kiti Kilichopendwa na Maelfu

Tangu tangazo la karakana yao ya viti liingie mtandaoni, baba yake Fundi alikuwa hashikiki. Kila asubuhi aliketi katikati ya sponji na majora ya vitambaa, miwani puani, akimtangazia kila aliyepita mlangoni ni watu wangapi wamelibofya. Kinyozi wa jirani alishaanza kupitia upande wa pili wa barabara.

"Dunia nzima inatutazama, mwanangu," alisema Mzee.

"Inatutazama, baba. Mbona haipigi simu?"

Mzee akamwambia aache mdomo wa nuksi. Fundi akarudi kwenye sofa lake na kuendelea kubana kitambaa. Kazi alifundishwa na huyo huyo baba, na karakana ilikuwa bado ya baba. Sahihi ilikuwa yake na neno la mwisho lilikuwa lake. Lakini kimya cha simu kilimkera Fundi. Kila aliyebofya tangazo walimlipia, anunue asinunue, na fungu lililokuwa likiliwa ni la kununulia cherehani ya ngozi.

Mpango huo uliletwa na wakala mmoja mwenye maneno matamu na viatu visivyojua vumbi. Fundi alimpachika jina la Bwana Tarakimu, maana hakuwahi kumsikia akitamka neno sofa. Kila wiki walimtumia picha ya kiti, yeye akaiweka kwenye tangazo, kisha akaja kuwaonyesha mchoro unaopanda. Fundi alipoomba nywila ili ajionee mwenyewe wabofyaji wanatoka wapi, alichekwa.

"Dada, hayo ya kitaalamu yatakuumiza kichwa bure. Wewe shona, watu tutakuletea sisi."

Sasa alikuwa anarudi na mkataba wa mwaka mzima, na Mzee alishaahidi kutia sahihi. Akitia, cherehani imekwenda na maji, na kazi zote za viti vya ngozi zitaendelea kuchukuliwa na wengine.

Katika karakana ile kiti hakitoki mpaka aliyekitengeneza akikalie kwanza. Ndiyo sheria ya Mzee, na Fundi aliishika tangu utotoni. Basi akaamua na tangazo nalo alikalie. Alikwenda uani, akaburuta kiti kimoja kilichokataliwa na kila mtu: mguu mmoja haupo, kitambaa kimechanika, springi zimetoka nje, na panya walishafanya makazi. Akakipiga picha vilivyo, hata kukipangusa hakukipangusa, akamtumia Bwana Tarakimu.

Siku ya mkataba wakala alifika akitabasamu mpaka gego la mwisho.

"Mzee, wiki hii tumevunja rekodi. Maelfu! Kile kiti kimependwa ajabu."

"Wamekipendea nini?" aliuliza Fundi.

"Umaridadi, dada. Watu wanajua kitu kizuri."

Fundi aliinuka taratibu, maana alijua ni furaha ya nani anakwenda kuivunja. Akakiburuta kile kiti mpaka katikati ya karakana. Kikaangukia upande usio na mguu.

"Ndicho hiki," alisema.

Mzee alikitazama kiti, akamtazama wakala.

"Watu... watu wanavutiwa na vitu vya ajabu," Bwana Tarakimu akababaika.

"Kinyozi amekiona asubuhi, amecheka mpaka wembe umemponyoka. Maelfu wamekibofya na hata mmoja hajapiga simu kunicheka? Hao si watu, kaka. Ni mashine, au ni wenzio mnaowalipa wabofye. Kama nakusingizia, fungua akaunti hapa hapa tuone wanatoka wapi."

"Akaunti ni ya kampuni, siwezi..."

"Tangazo letu, pesa zetu, na ufunguo unao wewe?"

Wakala akamgeukia Mzee, aliyezoea kumwitikia. Mzee alikuwa ameshaukunja mkataba. Akamrudishia mkononi, kwa adabu, na kumwonyesha mlango.

Walipobaki wawili Mzee alivua miwani. "Nimeingizwa mjini na mvi hizi," alisema. Fundi aliona uchungu, akatamani angekuwa amekosea. Kisha baba akainua uso, na uso wenyewe ulikuwa unang'aa. "Lakini ulivyomkalia yule kijana, mwanangu. Nimekulea."

Fungu lililosalia likanunua cherehani ya ngozi. Tangazo jipya Fundi aliliweka mwenyewe, nywila mkononi mwake. Alichagua lionekane mjini kwao tu, saa za kazi tu, akaliwekea kikomo cha matumizi, na kila jioni akakagua waliobofya wametokea wapi. Wabofyaji wakawa wa kuhesabika kwa vidole. Mzee hakuwatangaza kwa mtu.

Kisha simu ikalia. Mzee akaiwahi. Upande wa pili mtu alitaka viti vya ngozi vya ofisi nzima. Aliuliza vinachukua muda gani, akauliza kama anaongea na mwenye karakana.

Mzee alimtazama binti yake, aliyekuwa amepiga magoti na misumari midomoni.

"Hapana," alisema, kwa sauti ya kusikika mpaka nje. "Mimi ni baba yake. Subiri nikupe mwenyewe."