Kachori Nane kwa Dakika Tano

Nilipoondoka Birmingham kwenda Nuremberg nilikuwa na dua moja tu: Mwenyezi Mungu anikutanishe na Mjerumani asiyejua Kiingereza.

Mume wangu Jaffar aliwaambia watu msikitini kwamba nimekwenda kutalii. Mimi nilifuata cheti. Miaka miwili iliyopita nilikwenda chuo cha Northfield kujiandikisha darasa la jioni la ushonaji, nikakuta limejaa. Kijerumani kilikuwa na nafasi kumi na moja. Nikaswali istikhara, Mungu anichagulie, nikajiandikisha Kijerumani. Nina miaka hamsini na tisa. Shule niliiacha kidato cha pili, Unguja, na tangu hapo sijapata kumaliza jambo lolote linalotolewa cheti. Hiki nilikitaka kwelikweli.

Ili tukipate, mwalimu alitutaka kila mmoja alete mazungumzo aliyorekodi na Mjerumani asiyemjua, dakika tano, bila neno la Kiingereza. Atakayeshindwa atarudia mwaka.

Mwenzangu safarini alikuwa Kirandeep, Mpunjabi mzaliwa wa Kisumu ninayekaa naye meza moja darasani. Yeye hakuwa na wasiwasi.

"Mama Haidari, hiyo dakika tano mimi namalizia hapo tu uwanja wa ndege," aliniambia.

Na kweli, tulipotua tu alimkamata muuza magazeti, wakaongea robo saa wanacheka. Nikamwonea wivu, Mungu anisamehe, mpaka nilipotambua kwamba wanaongea Kipunjabi. Lakini kwenye treni alimpata mwanamke mwenye mbwa mgonjwa, na kazi yake ikaisha siku hiyohiyo.

Yangu hata haikuanza. Nuremberg ni mji wa kupendeza. Una ngome juu ya kilima, kuta nene za mawe na nyumba zenye paa refu jekundu. Septemba ile walikuwa na sherehe za mji mkongwe wao: matarumbeta, meza ndefu karibu na mto, moshi wa soseji kila pembe. Ila kila niliyemsemesha alinijibu kwa Kiingereza, tena kizuri kuliko changu. Ngomeni kuna kisima kirefu mno. Nilimwuliza mtembeza wageni kina chake ni mita ngapi, kwa Kijerumani nilichokifanyia mazoezi bafuni wiki nzima. Akanijibu kwa Kiingereza, kisha akaniuliza kama natoka Birmingham, maana aliwahi kusoma huko na anaijua lafudhi.

Kwenye uwanja wa soko kuna mnara wa chemchemi wenye pete ya rangi ya dhahabu. Watu huizungusha wakinuia jambo. Kirandeep alipanda ukingoni, akaizungusha mara tatu.

"Njoo mama, itisha huyo mzungu wako."

"Mimi siombi chuma."

"Basi ngoja nikuitishie mimi."

"Kiran, shuka hapo!"

Nikatafuta mahali patulivu nyuma ya ukuta, nikaswali adhuhuri na alasiri pamoja kama msafiri, na kwenye sijda ya mwisho nikarudia haja yangu. Asiyejua Kiingereza, ya Rabbi, hata neno moja.

Kisha tukaenda kula. Kirandeep alinunua soseji tatu ndani ya mkate na bilauri ya bia, tukakaa kwenye meza ndefu iliyokuwa tupu. Soseji zao ni za nguruwe, kwa hiyo mimi nilikuja na changu. Nyama hairuhusiwi kuvushwa mpaka, Jaffar alikwishanisomea sheria, basi nilikaanga kachori nane za viazi, nikazifunga pamoja na kichupa cha pilipili ya ukwaju. Ndiyo kwanza nafungua chombo, mzee mmoja mwenye kofia ya unyoya akaja kusimama mbele yetu, akasema neno.

Mtu amekukuta unakula. Ulimi ulikwenda wenyewe. "Karibu, tule pamoja," nikamwambia kwa Kijerumani.

Kwetu hilo huambiwa kila mtu, na kila mtu anajua la kujibu: asante, endeleeni, nimetoka kula sasa hivi. Mzee huyu hakuwa amefundishwa. Alizitazama kachori, akavua kofia, akakaa, akala.

Halafu akaanza kusema, na Kiingereza hakikuwemo hata chembe. Nikamwonyesha simu, nikamwomba ruhusa ya kurekodi kwa ajili ya darasa langu. Akatikisa kichwa kukubali huku anatafuna. Nikabonyeza.

Dua yangu ilijibiwa kama nilivyoiomba. Nilisahau tu kuomba awe anasema polepole. Kijerumani chake hakikuwa kile cha Northfield. Kilikuwa kinabingirika kama mawe kwenye debe, na mimi nikawa naitikia ndiyo, ndiyo. Aligonga meza kwa kidole, akatunyooshea sisi, akaionyesha saa ya mkononi.

"Anasema nini?" Kirandeep akaninong'oneza.

"Sijui."

"Na mbona unakubali?"

"Anataka kuinuka. Mpe kachori!"

Kila kachori moja ilimkalisha kama nusu dakika. Ya tatu aliipaka pilipili kama mtu anayepaka jamu. Macho yakamtoka, akainyakua bilauri ya Kirandeep, akainywa mpaka chini.

"Hiyo ni bia yangu!"

"Vumilia, Kiran. Ningekununulia nyingine, lakini mimi bia sinunui."

Dakika ya nne ilipofika chomboni ilibaki kachori moja, na mimi sijatia kitu mdomoni tangu asubuhi. Lakini si njaa iliyonisumbua. Nilikuwa nimesema ndiyo zaidi ya mara thelathini kwa mambo nisiyoyajua, na zote zimerekodiwa. Kama huo si uongo, basi uko jirani yake. Cheti gani cha namna hii?

"Mzee, nisamehe," nikasema. "Nimesema ndiyo mara nyingi, na sikuelewa kitu. Tafadhali, sema tena polepole."

Akanitazama. Akajifuta mdomo, akanyoosha vidole kimoja kimoja kama anayemfundisha mtoto. Meza hii. Ni yetu. Kwaya. Saa nane.

Niligeuka. Nyuma yetu walisimama watu kama thelathini wenye kofia za unyoya, wameshika bilauri na makaratasi ya nyimbo, wanangoja.

"Nilikuuliza kama mtaondoka," mzee akasema, taratibu kabisa. "Ukasema ndiyo, ukanipa chakula. Nikauliza tena. Ukasema ndiyo, ukanipa chakula. Nikaona niendelee kuuliza."

Niliinuka kwa haya nikitafuta viatu ambavyo nilikuwa nimevivaa. Kumbe hawakutaka tuondoke. Walijibana, wakatuweka katikati. Mama mmoja wa kwaya akaimega ile kachori ya mwisho vipande vinne, akawagawia wenzake, kisha akaniuliza, neno moja moja, inapikwaje. Nikaanza kumweleza. Nilipokuja kukumbuka simu, ilikuwa imefika dakika ishirini na sita.

Jumanne iliyofuata mwalimu alivaa vifaa vyake vya masikioni mbele ya darasa zima, akasikiliza. Dakika nne za mwanzo alicheka, akasema hizo hazihesabiwi. Zilizobaki alisikiliza huku anaandika. Ghafla akasimamisha.

"Hapa kuna kimya cha sekunde ishirini, kisha watu wote wanacheka. Ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nasema ndimu."

"Mbona sisikii?"

"Neno lake silijui. Nilisema hivi." Nikamkunjia uso kama mtu aliyeng'ata ndimu, macho nimeyafumba na shingo imezama mabegani. Darasa likaangua kicheko.

"Nimekupitisha, Asmahan," mwalimu akasema. "Lakini uso huo siwezi kuupa alama."

Nilipata sitini na moja. Nilitoka hadi kwenye korido, nikaporomoka sijda ya shukrani hapohapo sakafuni, na Kirandeep akasimama juu yangu akiwaambia watu, "Pitia upande ile ingine. Huyu mama amepasi."