Fundi Aliyemwonea Wivu Samaki

Watu husema wivu ni ugonjwa wa wapenzi. Hao hawajamwona fundi huyu wa nguo, mwanamume mzima mwenye ndevu zake na wateja wake, akimkodolea macho samaki mwekundu asiyezidi kidole gumba na kumchukia kwa moyo wake wote.

Na samaki mwenyewe alimnunua yeye. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Binti yake wa miaka sita, ambaye nyumbani walimwita Kasuku kwa vile mdomo wake haukujua kupumzika, alikuwa ameomba samaki miezi mitatu mfululizo, na fundi hakuwahi kujua namna ya kumnyima kitu mtoto anayeomba huku amemshika sikio. Akaleta bakuli la kioo, kokoto, kikopo cha chakula, na samaki. Akaviweka kwenye pembe ya meza ya kukatia nguo, penye mwanga lakini jua halifiki, kama muuzaji alivyomwelekeza. Kasuku akampa samaki jina la Bosi.

Kabla ya Bosi, mambo yalikuwa hivi. Mchana Kasuku alirudi kutoka shule, akatupa mkoba mlangoni, akaja kuegemea cherehani na kummiminia baba yake habari zote: nani kalia, nani kapigwa na mpira, mwalimu kavaa viatu gani. Mkewe fundi alikuwa nesi, harudi mpaka jioni. Kwa hiyo habari zilimfikia fundi zikiwa za moto, na mama mtu alikula kiporo. Hakuna mfalme aliyekuwa na raha kama ile.

Sasa mtoto aliingia, akampita baba kama anavyopita kabati, akabandika pua kwenye kioo. "Bosi, unajua leo nini?" Na yaliyobaki akayanong'ona. Kunong'ona, tena!

"Kasuku, hata salamu hakuna?"

"Shikamoo baba," alisema bila kugeuka.

"Marahaba. Shule ilikuwaje?"

"Nzuri."

Nzuri! Neno moja tu, kutoka kwa mtoto ambaye juzijuzi alikuwa akieleza nusu saa jinsi mwenzake alivyodondosha penseli. Fundi ilimchoma. Jioni akamlalamikia mkewe, naye akacheka mpaka akajishika mbavu.

"Baba Kasuku, unamwonea wivu samaki? Hana hata masikio!"

"Ndiyo maana anapendwa. Hamkatizi mtu."

Kilichomuudhi zaidi ni kwamba kazi zote za Bosi zilikuwa zake. Yeye ndiye aliyekinga maji ya bomba siku moja kabla na kuyaacha kwenye ndoo ili dawa ya kusafishia maji itoke. Yeye ndiye aliyepunguza maji machafu, akasuuza kokoto, akanawa mikono bila sabuni ili asimdhuru mheshimiwa. Kazi afanye yeye, mapenzi yaende kwingine.

Ndipo likamjia wazo la kitoto. Ikiwa samaki kamnyang'anya mtoto, naye atamnyang'anya mtoto samaki. Akamwambia Kasuku ampe Bosi chakula cha mchana tu, cha asubuhi amwachie baba. Kila siku, mtoto akishaondoka, fundi aliinama juu ya bakuli na kudondosha punje moja. Akashona kidogo, akarudi, akadondosha nyingine. Hazikupita wiki mbili, Bosi alikuwa akimwona fundi tu anacheza mkia.

Jumamosi ikafika. Kasuku alikuwa amekaa na Bosi wake, pua kwa pua, fundi akainuka kufuata mkasi. Samaki akampa mtoto mgongo, akamfuata fundi ukingoni mwa kioo mpaka mwisho wa bakuli. Fundi akarudi upande wa pili, samaki naye akarudi. Kasuku akahamia kushoto, akahamia kulia, akagonga kioo kwa ukucha. Bosi hakuwa na habari naye.

"Anakupenda wewe," Kasuku alisema.

"Labda kwa sababu nambadilishia maji," fundi akajibu, kwa unyenyekevu wa mwizi. Moyoni alikuwa anapiga vigelegele.

Raha hiyo haikudumu. Kasuku hakupiga kelele wala hakulia. Aliingia chini ya meza, akageukia ukuta, akanyamaza. Alinyamaza wakati wa chakula. Alinyamaza alipokuwa anaogeshwa. Hakusema na samaki, hakusema na baba, na nyumba ile, ambayo tangu mtoto ajue kuongea haikuwahi kuwa kimya, ikawa kama imefiwa. Fundi alitaka habari zirudi kwake, na sasa hapakuwa na habari za mtu yeyote. Aliona aibu hadi chakula kikamshinda.

Kesho yake alipotoka kuoga, kifua wazi, alipita karibu na bakuli. Bosi hakugeuka. Fundi akainama. Bosi akaendelea kutafuna kokoto. Fundi akashangaa, akaenda kuitwaa futi yake ya kupimia, ile ya manjano, akaitundika shingoni kama siku zote za kazi. Samaki akaja mbio, mkia unacheza. Kumbe mapenzi yote yalikuwa ya futi! Na ukitaka kujua wivu ulivyo hauna akili, jambo hilo nalo likamuuma.

Akamwita binti yake. "Njoo, mamaangu, nikuambie siri. Ukiwa shule nilikuwa namlisha mimi, kidogo kidogo, ili anifuate."

"Kwa nini?"

Fundi akaitazama dari. "Nilikuwa nacheza tu."

Akamvika futi, ikamfika magotini. Bosi akaja kwake moja kwa moja, na Kasuku akacheka kicheko ambacho nyumba ilikuwa imekikosa siku nzima.

"Usimwite tena nikiwa shule," aliamuru.

"Nitamwitaje? Futi ni yako sasa. Mimi nitanunua nyeupe."

Jumatatu mchana mkoba ukaanguka mlangoni. Nyayo zikampita fundi kama zinavyopita kabati, zikaishia kwenye bakuli. Kasuku akavaa futi yake, akabandika pua. Fundi, ambaye haya zilikuwa zimemwisha, aliinua mguu kutoka kwenye pedali ili asikie.

"Bosi, leo mwalimu kachanganya daftari zetu. Subiri nikueleze. Naanza na wewe kwa sababu wewe ni mdogo, ukingojeshwa utanuna. Nikimaliza ndiyo naenda kwa baba. Baba ni mtu mzima, atasubiri. Yeye hana wivu."

Fundi akaurudisha mguu kwenye pedali haraka, akakanyaga kwa bidii, kichwa chini. Alishona mkono mzima wa shati kabla ya kuona kwamba sindano haikuwa na uzi.