Fadhila Mbele za Watu

Kitu cha kwanza alichokigundua ni kwamba shangazi yake hakuwahi kumpa kitu wakiwa wawili tu. Gauni kuukuu lingekaa juu ya kabati la vitambaa, likila vumbi, mpaka mteja aingie. Hapo shangazi angelishusha, angelikung'uta na kuita:

"Njoo, mwanangu, pokea. Unasemaje?"

"Asante, shangazi, kwa fadhila zako."

"Sema watu wasikie. Kwani umemeza pini?"

Mteja angecheka, angemsifu shangazi kwa mkono wake mwepesi wa kutoa, na pengine angeongeza kitambaa kingine cha kushonwa. Msichana angerudi kwenye cherehani yake, uso umemshuka. Kwa kuwa hakuwa msemaji, wateja walimwita Kimya, na jina hilo likamganda kuliko lile alilopewa na wazazi.

Katika karakana ile neno fadhila lilikuwa na kazi nyingi kuliko mkasi. Baba yake alipofariki, shangazi alimtoa shule ya msingi kabla hajamaliza. Hiyo ilikuwa fadhila, eti atapata ufundi. Alilala chini ya meza ya kukatia; nayo ilikuwa fadhila, wangapi hawana paa? Alishona kutwa bila ujira, na hapo iliitwa kurudisha fadhila. Mama yake alipokuja kumwona, neno lilelile liligeuka kufuli.

"Vumilia, mwanangu," mama alinong'ona. "Tutampa nini shangazi yako? Fadhila za punda ni mateke, na sisi si punda."

Kimya aliitikia kwa kichwa. Moyoni alikuwa ananoa kisu.

Siku moja chama cha mafundi cherehani kilileta habari: tuzo ya ukarimu mwaka huu ni ya shangazi, kwa kumlea yatima na kumpa ufundi. Fundi wa vifungo, mzee aliyekaa karibu na mlango na aliyefanyia utani hata misiba, alipiga kofi.

"Kimya, kumbe kombe lenyewe ni wewe! Watakubeba, au utajipeleka kwa miguu?"

"Muache mwanangu," shangazi alisema huku akicheka. Akakunjua kitambaa cha hariri rangi ya zambarau. "Nishonee gauni linibane kiuno, mikono mirefu. Nikiinua tuzo, ukumbi mzima unione. Tena nina fadhila nyingine, nitaitangaza palepale jukwaani. Yule mdogo wako namchukua. Macho yake bado mazima, atafaa kwa kutarizi. Mama yako ameshakubali."

Cherehani ya Kimya ilinyamaza. Mdogo wake alikuwa sasa katika darasa lilelile ambalo yeye aliliacha. Kila akija na mama, alimsomea kwa sauti maandishi ya kwenye mabunda ya vitambaa, bila kuulizwa, kama anayegawa peremende.

"Mbona umesimama?"

"Uzi umekatika, shangazi."

Uzi ulikuwa mzima.

Alilishona gauni kwa mikono mizuri ajabu. Kola ilikaa, vifungo vilinyooka kama askari. Ila mbavuni, kutoka kwapa hadi nyonga, hakupitisha cherehani. Alipiga bandi tu, zile hatua ndefu za sindano ambazo fundi huzipiga ili kujaribu nguo, kisha huzifumua baada ya kushona. Akazilaza kwa pasi ya moto. Fundi yeyote angeligeuza gauni ndani nje angeona. Lakini shangazi aliacha zamani kuzigeuza nguo. Aliangalia uso wa nguo, kama alivyoangalia uso wa kila kitu.

Siku ya sherehe, wanawake watatu walikuwa katika chumba kidogo nyuma ya jukwaa: shangazi mbele ya kioo, mama kwenye kiti, na Kimya na kikapu chake cha sindano. Ukumbini watu walikuwa wanavuta viti. Shangazi aliinua mikono kujizoeza kuipokea tuzo.

Gauni likaachia. Pande zote mbili.

"Mungu wangu! Kimya, sindano!"

"Ninayo."

"Basi shona! Unangoja nini?"

Kimya alitunga uzi taratibu.

"Mdogo wangu haji karakana," alisema. "Atabaki shule mpaka amalize, na wewe ndiye utakayemsomesha. Utatangaza hilo mbele za watu."

"Umerukwa na akili?"

"Mwanangu!" mama aliruka. "Baada ya fadhila zote hizi, leo unamfanyia hivi shangazi yako?"

"Mama, kaa kwanza."

Mama akakaa, kwa mshangao tu. Kutoka ukumbini sauti ya mwenyekiti ilipaa: "Mabibi na mabwana, sasa tumwite mama wa mayatima!" Makofi yakaporomoka.

Shangazi alikuwa amebana gauni kwa viwiko, jasho likichora mistari kwenye poda. "Punda wewe," alisema. Kisha, chini kabisa: "Nifadhili, mwanangu. Nitasema. Shona."

Kimya alipiga magoti akashona, haraka, kwa uzi wa mara mbili. Alishona ubavu wa kulia, kisha wa kushoto, na kwa kuwa mikono ya shangazi ilikuwa imegandamana na mwili, sindano ilipita kwenye ubavu na kwenye mkono wa gauni kwa pamoja, mpaka kiwikoni. Shangazi macho yalikuwa mlangoni. Hakuona.

Jukwaani shangazi alipaza sauti kwa pumzi yake yote akatangaza kwamba mtoto wa kaka yake, yule mdogo, atamsomesha mpaka amalize. Ukumbi ulisimama kumshangilia. Mia mbili walisikia; hapakuwa na pa kurudi. Kisha mwenyekiti akamnyooshea tuzo, na shangazi akataka kuinua mikono. Haikuinuka. Akavuta. Hariri ikalia, mikono ikabaki pale pale. Ikabidi mwenyekiti amchomeke tuzo kifuani kama mtu anayetundika taa ukutani.

"Loo, mkono wa kutoa, leo umegoma kupokea!" fundi wa vifungo alipaza sauti, na kicheko kikazunguka ukumbi mzima.

"Sasa," mwenyekiti aliokoa jahazi, "binti mwenyewe aje atoe shukrani."

Wakamsukuma Kimya mbele, wakamwekea kipaza sauti mdomoni. Shangazi alimtazama, macho makavu, mikono imefungwa. Kimya aliangalia viatu vyake, kisha akainua uso.

"Shangazi," alisema, na sauti ikatoka kubwa kuliko alivyodhani, "mimi sijawahi kukushukuru kwa moyo wangu, hata siku moja."