Asije Akauma Tena

Mjukuu wangu, mwenye umri wa miaka minne, alikuwa amekwisha kuwauma wenzake wawili katika shule ya chekechea. Barua ya Mwalimu ilikuwa fupi: akimwuma wa tatu, ataondolewa. Mama yake hufanya kazi ya zamu kiwandani, shule nyingine ya karibu haipo, na magoti yangu hayaniruhusu tena kumkimbiza mtoto kutwa nzima. Basi niliitwa nikae darasani, nikajionee mwenyewe.

Niliketi juu ya kiti kilichonifika ugokoni.

"Panya huyo! Ficheni vidole!" mtoto mmoja alipiga kelele akimwonyesha mjukuu wangu, wenzake wakacheka.

Ukutani palibandikwa picha za nyuso: ya furaha, ya hasira, ya hofu. Kila asubuhi watoto huonyesha uso unaowafaa na kuutaja. Niliona ni upuuzi. Nyumbani kwangu sheria ni moja: mtoto akikasirika, hufumba mdomo mpaka hasira ipite. Ndivyo nilivyolelewa, na ndivyo nilivyolea.

"Na wewe, Bibi, leo unajisikiaje?" Mwalimu aliniuliza.

"Sijambo," nilijibu. Uongo mtupu.

Haikupita saa, mvulana mmoja mnene akamnyang'anya mjukuu wangu gari la mbao. Mkono wa mvulana huyo ulibaki mbele ya kinywa cha mjukuu wangu. Nilianza kuinuka.

"Usiinuke, Bibi," Mwalimu alininong'oneza. "Tumemfundisha wiki tatu. Avute pumzi, kisha aseme."

Hakusema. Alinitazama mimi. Midomo aliikaza kama nilivyomzoeza, mpaka ikapauka, pumzi zikimtoka puani kwa kishindo. Niliyajua macho yale: yalikuwa yakiniuliza kama ametii vyema. Kichwa kikaanza kuinamia ule mkono. Amefumba mdomo kwa sababu nipo, niliwaza. Nao ukifunguka, utafunguka kwa meno.

"Sema!" nilipaza sauti. "Mjukuu wangu, nimekuruhusu. Sema!"

Mjukuu wangu akainua kichwa.

"Nimekasirika!" alilia, machozi yakimbubujika. "Nimekasirika sana! Nilikuwa nacheza nalo mimi!"

Mvulana aliyatazama meno, akalitazama gari, akalirudisha. "Haya, chukua. Usinile tu."

Mwalimu alicheka.

"Kesho mlete," aliniambia. "Ila wewe, Bibi, niwie radhi, ubaki nyumbani. Ukiwapo, anakuogopa."

Tulirudi tumeshikana mikono hadi kwenye kona ya fundi viatu.

"Bibi."

"Naam."

"Na wewe nimekukasirikia."

Vidole vyangu vilikuwa vimekwisha kuubana mkono wake. Nikavilegeza, nikiyaogopa maneno yatakayofuata kuliko nilivyoyaogopa meno.

"Haya," nilisema. "Niambie."